Imani Anayoingia Nayo Mteja

Katika miji na vijiji vya Kenya na Tanzania, Mkristo aliyepatwa na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumwondolea mtu hamu ya kula, kulala na kufanya kazi, mara nyingi huwa amekwisha kuombewa kabla hajaketi mbele ya mshauri nasaha mwenye taaluma. Huenda amefunga, amekesha, amepakwa mafuta, na pengine ameambiwa na wenzake wa kikundi cha maombi kwamba anayo dhambi ambayo hajaitubu. Hivyo swali la kuiruhusu au kutoiruhusu imani katika chumba cha ushauri halina maana kubwa, kwa kuwa mteja mwenyewe ameingia nayo. Linalobaki ni jinsi mtaalamu anavyopaswa kuishughulikia bila kukiuka maadili ya kazi yake na bila kumvunjia mteja heshima.

Saikolojia na kanisa hazikuanza kwa kupatana. Mwaka 1927 Sigmund Freud alichapisha kitabu kilichoiona dini kuwa njozi itokanayo na matamanio ya binadamu, na mwaka uliofuata akajibiwa na rafiki yake Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich ambaye mwenyewe alitumia mbinu za Freud kuwahudumia waumini. Kwa upande mwingine, mchungaji Mmarekani Jay Adams alidai katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba Biblia yatosha, na kwamba mengi yaitwayo maradhi ya akili yana mizizi yake katika dhambi. Fundisho linalofanana na hilo bado husikika katika mimbari nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, eneo hili lina historia yake iliyofuata njia nyingine. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambamo sala, kazi za mikono na, katika miaka ya baadaye, dawa za kisasa zimekaa pamoja bila kimojawapo kudai kuwa ndicho tiba yote.

Mwanasaikolojia Siang-Yang Tan, ambaye pia ni mchungaji, alipendekeza mwaka 1996 kutofautisha namna mbili za kuunganisha imani na ushauri. Katika namna ya kwanza, isiyotamkwa, imani ya mshauri huonekana katika uvumilivu na uaminifu wake tu, naye haanzishi mazungumzo ya dini. Katika ya pili, iliyo wazi, sala, maandiko na mafundisho hutumiwa waziwazi kama nyenzo za tiba, kwa sharti kwamba mteja ameridhia na mshauri ana ujuzi wa kuzitumia. Sharti la ujuzi husahauliwa zaidi kuliko lile la ridhaa, kwa sababu watu wengi hudhani kuwa anayejua kuomba anajua pia kutumia maombi katika tiba.

Ugumu wa sharti hilo la ujuzi huonekana vizuri katika tiba ya utambuzi na tabia, ambayo humfundisha mteja kuyatambua mawazo yanayomuumiza, kuyapima na kuyasahihisha. Chombo chake cha kawaida ni karatasi yenye safu tatu: tukio, wazo lililofuata, na jibu la wazo hilo. Mama ambaye mimba yake imeharibika anaweza kuandika katika safu ya pili kwamba Mungu anamwadhibu. Mshauri asiye na ujuzi ama atalikwepa wazo hilo kwa kuwa ni la kidini, ama ataharakisha kuhubiri. Mwenye ujuzi humwuliza ushahidi alio nao, humwuliza kama angethubutu kumwambia hivyo dada wa jumuiya yake aliyefikwa na msiba kama huo, kisha huweza kumwomba asome mwenyewe sura ya tisa ya Injili ya Yohana, ambapo Yesu anaulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, naye anakataa kumlaumu kipofu wala wazazi wake. Safu ya tatu huachiwa mama aijaze kwa maneno yake mwenyewe. Jibu ambalo mshauri angemwandikia, hata likiwa sahihi kiteolojia, halingekuwa na uzito wa lile aliloliandika mwenyewe.

Matokeo ya utafiti huwanyima ushindi watetezi wa pande zote. Rebecca Propst na wenzake walichapisha mwaka 1992 jaribio kuhusu wagonjwa wa sonona wenye dini, na ikadhihirika kwamba washauri wasio waumini walipotumia tiba ya utambuzi na tabia yenye maudhui ya Kikristo walipata matokeo mazuri sana. Kwa hiyo ushirika wa mshauri kanisani si sifa inayotosha, wala kutoamini kwake si kizuizi. Harold Koenig na wenzake nao, mwaka 2015, waliilinganisha tiba hiyo katika sura yake ya kidini na ya kawaida kwa watu 132 waliokuwa na sonona pamoja na maradhi sugu, wakaona nafuu iliyokaribiana. Anayetangaza kwamba ushauri wa Kikristo huponya kuliko mwingine wowote hana budi kuanza na matokeo hayo.

Imani yenyewe, aidha, haifanyi kazi ya namna moja. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alibainisha kwamba watu huitumia dini kukabili mateso kwa njia zinazojenga, kama kutafuta faraja na msaada wa waumini, na kwa njia zinazobomoa, kama kuamini kuwa wameachwa na Mungu au wako chini ya ghadhabu yake. Kwa mteja wa kundi la pili, kumhimiza aombe zaidi ni kumwongezea mzigo. Biblia yenyewe ina nyenzo zinazomfaa zaidi: Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la sifa, na Eliya, alipoomba afe chini ya mretemu, alipewa usingizi na mkate kabla ya kuulizwa swali lolote.

Mipaka ya kazi huwa migumu zaidi pale mtu mmoja anapokuwa mchungaji na mshauri. Siri ya kitubio kwa padri Mkatoliki haina mwanya wowote, ilhali usiri wa mshauri una kikomo pale uhai wa mteja au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini. Kwa hiyo mwenye nyadhifa mbili analazimika kumweleza mteja, kabla hajafungua kinywa, anamsikiliza kwa wadhifa upi. Sheria za nchi nazo huigusa kazi hii: Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakinzana na Katiba. Kanisa Katoliki lilikwisha kuliondoa katazo la kuwazika kikanisa waliojiua katika sheria zake za mwaka 1983, lakini familia nyingi bado huzika kwa aibu, na mjane huja kwa mshauri akitaka kujua kama mumewe amepotea milele. Hilo si swali la kitabibu, na mshauri hana mamlaka ya kulijibu kwa niaba ya kanisa lolote. Anaweza kumpeleka mjane kwa mchungaji, mradi awe ameongea na mchungaji huyo kwanza na kujua atakalomwambia.