Mzizi mchungu utulizao: Rauvolfia na hatari zake

Miongoni mwa mimea itumiwayo na waganga wa Kongo, Rauvolfia vomitoria ina nafasi ya pekee. Ni mti mdogo uotao kandokando ya misitu na katika mashamba yaliyoachwa. Matunda yake yakiiva huwa mekundu, na gome lake likikatwa hutoa utomvu mweupe. Sehemu itafutwayo zaidi ni ganda la mzizi, ambalo ni chungu mno. Huchemshwa, na maji yake hunyweshwa mgonjwa wa akili mwenye fujo ili atulie na kulala. Hutumiwa pia kwa homa, kwa minyoo na kwa kutapisha. Jina la Kilatini latokana na kazi hiyo ya mwisho.

Sifa ya kutuliza si dhana tupu. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya CIBA, mjini Basel, walitangaza kuitenga reserpini kutoka Rauvolfia serpentina, ndugu wa Kihindi wa mti huu. Mzizi wa Kongo unayo pia. Kemikali hiyo humaliza akiba ya vitu ambavyo neva hutumia kupashana habari: ghasia hupungua, shinikizo la damu hushuka, usingizi huja. Lakini akiba hiyo hairudi upesi, hivyo athari yaweza kudumu siku nyingi, hata majuma, baada ya dawa kuachwa.

Tembe ya reserpini ya shinikizo la damu ilikuwa na miligramu 0.25 au pungufu. Hakuna kikombe kiwezacho kupima kiasi hicho katika maji ya mizizi, na nguvu ya mzizi mmoja si sawa na ya mwingine. Wala uchungu si kipimo, kwani alkaloidi nyingine zilizomo ni chungu vilevile.

Neno “ametulia” lenyewe laweza kupotosha. Katika Kiswahili ni sifa njema. Kumbe mgonjwa aliyenyamaza huenda amezama katika huzuni nzito, jambo lililoripotiwa kwa baadhi ya wagonjwa reserpini ilipoenea hospitalini miaka ya 1950. Jamaa huona ukimya, hufurahi, huongeza kikombe.

Mjamzito, anyonyeshaye na mwenye vidonda vya tumbo wasipewe dawa hii. Kichanga huweza kuziba pua na kupumua kwa shida. Amezaye tembe za shinikizo la damu au za maradhi ya akili amwambie mganga kabla ya kunywa, na daktari naye aelezwe habari za mzizi, ingawa ndizo wagonjwa wengi humficha.