Lugha ya Mnada na Lugha ya Ofisi: Juu ya Matangazo ya Biashara katika Bonde la Msangano

Siku ya mnada katika bonde la Msangano mtu husikia tangazo kabla ya kumwona atangazaye. Spika ndogo iliyofungwa juu ya pikipiki, au kuning'inizwa kwenye mti wa kibanda, yarudia maneno yale yale tangu asubuhi: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni; panya ale wapi, akafie wapi, na mwenye nyumba alale usingizi wa namna gani. Hatua chache kando yake mwuza mitumba aimba bei, na kila sauti ipandapo bei hushuka. Msangano ni kata ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wenyeji wake wengi ni Wanyamwanga, nao nyumbani husema Kinyamwanga, lugha isemwayo pia ng'ambo ya mpaka upande wa Nakonde, katika nchi ya Zambia. Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya serikali na ya soko. Kwa hiyo mchuuzi atokaye Tunduma hana budi kukipima Kiswahili chake kwa watu ambao masikio yao hayana subira na neno lisilofanya kazi. Akisema neno la bure, wateja hupita. Akilipata neno lenyewe, husimama. Kesho yake, katika mnada mwingine, lile la bure huwa limekwisha kuachwa.

Katika mnada huo huo huweza kuonekana tangazo la namna ya pili. Ni bango la turubai, limechapwa kwa rangi nzuri, lina picha ya mkulima acheka na maneno kama haya: Mbegu Bora kwa Mavuno Bora. Hakuna kosa la sarufi ndani yake. Walakini msomaji akiyatazama maneno hayo kwa makini ataona kuwa hayasemi kitu. Neno bora limetumika mara mbili, wala hakuna mwuza mbegu hata mmoja duniani atakayesema kuwa zake si bora. Na jambo lisiloweza kukanushwa na mtu ye yote aghalabu halimwarifu mtu ye yote. Asili ya neno tangazo yafaa kukumbukwa hapa. Kutangaa ni kuenea na kujulikana; kutangaza ni kukifanya kitu kitangae. Tangazo lisilotangaa, hata likilipiwa fedha nyingi, ni karatasi iliyobandikwa tu.

Yawezekanaje basi kampuni yenye wataalamu, magari na fedha isitoe sentensi moja ya kushindana na mchuuzi mwenye spika? Jibu jepesi ni kwamba watungaji wa mjini hawana kipaji. Jibu hilo si la kweli. Mara nyingi sentensi nzuri ilikuwako, nayo ilikufa njiani.

Njia yenyewe ni ndefu. Tangazo huanza kwa maagizo ya kampuni, na maagizo hayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mwandikaji na mwandikiwa wote wawili walizaliwa Dar es Salaam. Mtungaji huleta mapendekezo matatu au manne. Kisha huitwa kikundi cha watu wanane au kumi, wakapewa soda na nauli, wakaonyeshwa mapendekezo yale na kuulizwa: mmeelewa? mmependa? kuna neno lisilofaa? Majibu huandikwa, huhesabiwa, hupelekwa kwa meneja. Meneja hupunguza, mkubwa wake hupunguza, na kama kampuni ina makao makuu Nairobi, Johannesburg au Ulaya, huko nako hupunguzwa, safari hii katika tafsiri.

Ni katika kile chumba cha maswali ndipo mwanaisimu anapopaswa kutua kidogo, kwa sababu yatokeayo humo ni mambo ya lugha zaidi kuliko ya biashara. Jambo la kwanza ni adabu. Mtu aliyekaribishwa, akaketishwa, akapewa kinywaji, akiulizwa na mgeni kama kitu cha mgeni ni kizuri, husema ni kizuri. Jibu hilo ni malipo ya ukarimu, wala si ushahidi. Jambo la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo hutokea pale mwulizaji anaposisitiza kwamba yataka kasoro zitajwe. Hapo watu wale wale hugeuka walimu. Karibu kila Mtanzania amefundishwa Kiswahili shuleni kwa njia ya kusahihishwa; akiombwa kuhukumu sentensi, hutafuta kosa. Neno la mtaani huwa si sanifu, fumbo huwa halieleweki, utani huwa unaweza kumkwaza mtu. Lakini yule aliyelikataa fumbo chumbani, jioni akiwa kijiweni hulicheka. Hakusema uongo mahali po pote. Aliulizwa kwa cheo cha hakimu, akajibu kama hakimu. Angelisikia tangazo hilo akiwa mnunuzi angelijibu kwa mkono wake mfukoni.

Tena kuna udhaifu mmoja wa hesabu yenyewe. Kikundi cha watu kumi kikitakiwa kuchagua, neno lililopendwa sana na watano na kuchukiwa na watano hushindwa na neno lisilomgusa mtu. Mwaka 1962, katika Marekani, kampuni ya kukodisha magari ya Avis ilikuwa imekaa miaka 13 bila faida. Wakala wake wa matangazo, Doyle Dane Bernbach, akaleta tangazo lililokiri wazi kwamba Avis ni ya pili tu, na kwa sababu hiyo hujitahidi zaidi. Yasimuliwa kuwa lilipojaribiwa nusu ya walioulizwa hawakulipenda: nani apendaye kuhudumiwa na aliyeshindwa? Lakini mkuu wa kampuni, Robert Townsend, alikuwa amekwisha kufanya mapatano na wakala kwamba kampuni yake italikubali tangazo au kulikataa, wala haitalirekebisha. Likatolewa. Katika mwaka mmoja hasara ya dola milioni 3.2 ikawa faida ya dola milioni 1.2. Sehemu ya mapatano ile iliyokataza kurekebisha ndiyo yenye mafunzo makubwa, kwani tangazo hufa kwa marekebisho mara nyingi kuliko lifavyo kwa kukataliwa.

Kiswahili chenyewe hakikosi ushahidi wa namna hiyo. Kanga ni bidhaa ambayo tangazo lake limo ndani yake. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake husemwa kuwa lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake hujulikana kwa maandishi Mali ya Abdulla, hutajwa miongoni mwa wa kwanza walioweka misemo katika kanga. Chukua jina moja mashuhuri: Usisafirie nyota ya mwenzio. Kamati ya ofisini ingeliuliza maswali yake ya kawaida: nyota gani? chombo gani? anaambiwa nani? na mteja wa bara ambaye hajaona jahazi ataelewa nini? Kila swali lina haki yake, na yote pamoja yangeliiua kanga hiyo. Uzuri wake u katika kutomtaja aambiwaye. Mwenye kuivaa hakumtukana mtu. Mwenye kuisoma ndiye ajitafutaye mwenyewe ndani yake. Nayo kanga huvaliwa mbali na bahari, mpaka Tunduma na Msangano, bila mtu kuulizia jahazi.

Mfano wa pili watoka serikalini, mahali ambapo watu hawatazamii ujasiri wa lugha. Mwaka 1973 kampeni ya redio juu ya afya, iliyoandamana na vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania. Jina lake lilikuwa Mtu ni Afya. Kwa mantiki ya darasani sentensi hiyo ina mashaka: mtu si afya, mtu ana afya, au afya ni kitu muhimu kwa mtu. Mhariri mwoga angeliandika Afya ni Muhimu kwa Kila Mtu, na asingelikosea, na hakuna ambaye angelikumbuka. Aliyeandika Mtu ni Afya alitumia umbo ambalo msikilizaji alikwisha kulipokea kutoka kwa wazee wake, lile la mtu ni watu na mtu ni utu, akatia neno jipya katika nafasi ya zamani. Kampeni iliyofuata, mwaka 1975, iliitwa Chakula ni Uhai. Ni jina sahihi zaidi, nalo lapungua kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Kampuni za simu nazo zimepata kufanya vema. Vodafone ilipokuwa ikisema kwa Kiingereza kwamba nguvu ni zako, Vodacom ya Tanzania haikutafsiri neno kwa neno. Ilitumia Kazi ni kwako. Hilo ni jambo ambalo Mswahili humwambia mwenzake akiisha kumpa kila kitu: yaliyobaki ni yako, mimi nimenawa mikono. Lina ukali kidogo, hata laweza kusikika kama kuachwa. Ukali huo ndio uliolifanya likae mdomoni.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko yote ni Fataki. Kamusi za zamani zaeleza fataki kuwa kile kidude cha kulipusha baruti ya bunduki, na baadaye kila kitu cha kulipuka kwa mshindo. Kati ya mwaka 2008 na 2011 redio za Tanzania zilitoa matangazo mafupi juu ya mtu mzima mwenye fedha, jina lake Fataki, awindaye wasichana wadogo. Na kila mara jirani, mwuza duka au ndugu humkatiza, naye huondoka mikono mitupu. Hayakuwa matangazo ya biashara, lakini yalifanya kazi ile ambayo kila mwenye biashara huiota: jina la pekee likawa nomino ya kawaida. Watu wakasema fataki yule, mafataki wale, wakalipa neno wingi wa ngeli ya ji-/ma- bila kuombwa. Lugha ilikuwa na haja ya neno la kumwaibisha mtu ambaye hapo kwanza aliitwa kwa majina ya heshima au ya mzaha wa upole, nayo ikalichukua.

Isidhaniwe basi kwamba uchunguzi wa soko ni adui. Kuna uchunguzi wa kusikiliza na uchunguzi wa kupigisha kura, na tofauti yake ni kubwa. Safaricom ya Kenya ilipoanza majaribio ya M-Pesa mwezi wa Oktoba 2005, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, shabaha ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Wachunguzi wakawatazama watumiaji, wakaona watu wanapelekeana fedha kwa mambo yao wenyewe. Huduma ilipotolewa kwa umma mwezi wa Machi 2007, ilitangazwa kwa wito wa kupeleka fedha nyumbani. Hapo uchunguzi ulikuja kabla ya sentensi, ukaizaa. Uchunguzi unaokuja baada ya sentensi mara nyingi huja na mkasi. David Ogilvy, aliyepata kufanya kazi katika uchunguzi wa maoni chini ya George Gallup na kuuamini sana, hata hivyo alilalamika kwamba mameneja huutumia kama mlevi atumiavyo nguzo ya taa, wakiegemea badala ya kumulikiwa.

Kuegemea huko hakutokani na ujinga. Meneja hafukuzwi kazi kwa sababu tangazo lake lilikuwa baridi. Hakuna ajuaye ni wateja wangapi hawakuja. Lakini tangazo likizua kelele, jina lake hutajwa siku ile ile. Mwenye hesabu ya namna hiyo mbele yake atachagua ubaridi, na taarifa ya uchunguzi humpa hati ya kuonyesha kwamba hakuchagua peke yake. Hakuna haja ya kumlaumu. Yafaa tu kujua kuwa hati ile iliandikwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya mkulima.

Na mkulima ndiye apatwaye na hasara. Bonde la Msangano lalima ufuta na mpunga, na mbegu mbovu yaweza kupoteza msimu mzima. Mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali idhibitiyo ubora wa mbegu, huja na lebo ambayo mnunuzi huikwangua na kuihakiki namba yake kwa simu. Hii ni habari ya kusisimua kwa mtu aliyewahi kupanda punje zilizopakwa rangi zikakataa kuota. Lakini habari hiyo husemwa kwa lugha ya bango: Hakikisha Unatumia Mbegu Zilizothibitishwa. Wakati huo huo mwenye dawa isiyojulikana imetoka wapi, asiye na kamati wala meneja, asema Kiswahili cha kumsimamisha mtu katikati ya njia. Ndivyo ukweli unavyojikuta hauna ulimi, na ulimi mzuri hauna wa kuukagua.

Wasimamizi huchanganya tahadhari mbili. Tahadhari ya kwanza yahusu ukweli: dawa isisemwe yaponya isichoponya, mbegu isiahidiwe magunia isiyoweza kuyatoa. Hiyo ni haki, na mchuuzi wa spika angefaa kuwa nayo. Ya pili yahusu ladha: kuogopa fumbo, kuogopa mzaha, kuogopa neno la mtaani. Katika ofisi nyingi zote mbili hupita mlango mmoja, zikapigwa muhuri mmoja, na mtungaji aliyeleta kweli yenye chumvi hurudishiwa kweli bila chumvi, akaambiwa ni kwa ajili ya usalama.

Jua likianza kuinama mnada huvunjika. Mwuza mitumba hufunga robota lake kwa bei ya mwisho, na ile sauti ya dawa ya panya husikika ikipungua juu ya pikipiki kuelekea mnada wa kesho, ikifuatwa na watoto waliokwisha kuishika kwa moyo. Bango la mbegu hubaki pale siku chache. Turubai yake ni imara, haipenyi maji, na mara nyingi hupata mtu wa kuifungua kamba na kufunikia magunia ya ufuta.