Kemia Ndani ya Kidonge cha Mseto

Mzazi anayepewa dawa mseto ya malaria huelekezwa amnyweshe mtoto pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Wengi hutii bila kuuliza sababu. Sababu yenyewe ni kemia: lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika kidonge hicho, huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupotea bila kufyonzwa.

Mwenzake, artemetha, hutokana na artemisinini, ambayo ina historia inayostahili kusimuliwa darasani. Mwaka 1971, mjini Beijing, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakiichunguza Artemisia annua, na dawa waliyoikamua leo ilifanya kazi, kesho ikashindwa. Maandishi ya tabibu Ge Hong, ya karne ya 4, yalielekeza mmea huo ulowekwe katika maji na kukamuliwa, pasipo kutaja kuchemshwa. Tu akashuku kuwa joto ndilo lililoiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na mara hii vimelea vikatoweka katika panya na nyani wa majaribio. Hakuwa na shahada ya uzamivu. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Hata hivyo, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kumeza. Wakemia wakaibadili molekuli hiyo, wakaipachika tawi la asidi ya suksini, ikapatikana artesuneti, ambayo huyeyushwa kwa bikaboneti ya sodiamu na kudungwa mshipani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9; kwa artesuneti, asilimia 8.5. Tawi hilo dogo ni uhai wa watoto wawili na zaidi katika kila mia.

Nayaeleza haya kwa kuwa vijana wetu wengi huagana na kemia mapema, wakiamini ni orodha ya alama za kukariri. (Nami siwalaumu: ukifundishwa etha bila kuona chochote kikichemka, utaipendaje?) Mhudumu mwenzangu, mama akikuuliza kwa nini maziwa, na kaka mtu mwenye sare za shule amesimama kando, mjibuni wote wawili. Dakika mbili zinatosha.

Naye mzazi asidhani kwamba njia hii humfikisha mtoto kwenye udaktari tu. Mfamasia na mtaalamu wa maabara huanzia hapo hapo. Vivyo hivyo mkaguzi anayepima kama kidonge kilichoingia bandarini kina dawa au ni unga mtupu. Hospitalini kwetu hatuwezi kulitambua hilo kwa macho. Sisi huandika cheti tukimtegemea yeye.