Mashine ikirudi gereji, nani analipa?

Mwezi ukianza kujaa, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupumzisha vyombo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa siku kadhaa mialo ya Mwanza, kuanzia mjini hadi visiwa vya Ukerewe na Kome, hujaa mitumbwi iliyopandishwa mchangani. Nyavu zinashonwa, mbao zinatiwa kalafati, na mashine zile za kupachika nyuma zinabebwa begani kupelekwa kwa fundi. Ndizo siku za neema kwa gereji ndogo za kando ya ziwa. Ndizo pia siku ambazo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu mashine zote zinaingia kwa pamoja na zote zinatakiwa zitoke kabla giza halijarudi.

Ukisikia uchumi wa Mwanza unazungumzwa, utasikia minofu ya sangara, pamba, dhahabu ya jirani zetu wa Geita, meli ya MV Mwanza na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Fundi hatajwi. Lakini sehemu kubwa ya dagaa wanaoshushwa Mwaloni Kirumba wamesafirishwa na injini ambayo mtu fulani aliifungua juu ya turubai, akaosha kabureta kwa petroli ndani ya kopo, akaifunga tena. Mtu huyo anafanya biashara, na biashara yake ina hasara ambayo haiingii kwenye daftari lolote. Hasara hiyo ni kazi ya kurudia.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fundi anapatana na mwenye mashine Sh60,000 za kufungua, kusafisha na kufunga, kazi ya siku moja. Baada ya siku tatu mashine inarudi, haivuti. Anafungua tena bure, kwa kuwa akidai hela atapoteza mteja na jina. Akinunua gasketi na plagi za Sh25,000 kutoka mfukoni mwake, anabaki na Sh35,000 kwa siku mbili, yaani Sh17,500 kwa siku, kabla ya pango, umeme na chakula cha vijana wanaomsaidia. Mwenye chombo naye amekosa usiku wa giza ambao haurudi, na vijana wake wanaolipwa kwa mgao wa mavuno wamelala bila kitu. Hakuna aliyeiba. Kila mtu amepoteza.

Kosa la kwanza ninalotaka kulieleza ni dogo kiasi cha kuudhi. Pampu ya maji ya mashine hizi ina kipande cha raba chenye mabawa, impela, kinachovuta maji ya ziwa ili kupoza injini. Raba hiyo inalainishwa na maji hayohayo. Ukiwasha mashine nchi kavu, hata kwa muda mfupi, inajisugua ikiwa kavu, inapata moto, mabawa yanaungua. Sasa fikiria jioni ya mwisho ya mbalamwezi. Fundi amemaliza kufunga, mashine imebanwa kwenye gogo, na tajiri amesimama na hela mkononi.

“Hebu washa nisikie, fundi.”

“Tuishushe majini kwanza, tajiri.”

“Aa, nisikie mlio tu. Vijana wananisubiri.”

Fundi anavuta kamba. Mashine inanguruma vizuri, hela inatolewa, watu wanaagana. Usiku, nchi kavu ikiwa haionekani tena, injini inachemka, pistoni inanata ndani ya silinda, na vipande vya impela vinakutwa vimeziba njia za maji. Jaribio lililokusudiwa kuthibitisha kwamba mashine imepona ndilo lililoiua. Dawa yake ni pipa lililokatwa mdomo na kujazwa maji, na maji yenyewe yapo hatua chache kutoka gereji. Nasema bila kupunguza: gereji ya mashine za boti isiyo na pipa la majaribio haijakamilika, hata kama ina spana za kila namba.

Ni kweli kwamba si kila impela iliyokufa imeuawa na fundi. Ziwa letu halina chumvi, na hilo ni heri kubwa kwa vyuma, lakini lina mchanga kwenye mialo na lina magugumaji, ambayo yameusumbua ukanda huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nahodha anayewasha mashine kwenye maji ya magotini ananyonya mchanga. Kipande cha raba hueleza ukweli kikitazamwa vizuri. Kilichokufa kwa ukavu kimeungua na mabawa yamekakamaa au kuyeyuka. Kilichokufa kwa mchanga kimelika polepole, na nyumba ya pampu ina mikwaruzo. Ndiyo maana kifaa kibovu kikitolewa kisitupwe. Ndicho shahidi pekee siku ya ugomvi.

Ipo pia habari ya pini. Mwanza ni jiji la mawe, na mengi ya mawe hayo yamo majini, yamejificha chini ya uso wa ziwa. Kwenye mashine ndogo, propela hushikwa na pini laini iliyowekwa makusudi ikatike panga zikigonga jiwe. Ikikatika, umepoteza pini, umeokoa gia. Wenye haraka huchomeka kipande cha msumari wa inchi nne au nondo iliyosuguliwa. Safari inaendelea, na watu wanamsifu aliyebuni. Siku propela itakapogonga jiwe jingine, msumari hautakatika. Kitakachopasuka ni gia. Mashine inapofikishwa gereji, hakuna anayeutaja msumari. Fundi asiyeuliza maswali hubadilisha gia, akarudishia na msumari uleule kwa kuwa aliukuta hapo.

Nimewahi kuona mafundi wazoefu wakitetemeka mkono mbele ya kitu kimoja tu: boliti iliyokatikia ndani. Boliti ni ya chuma, bloku ni ya alumini, na vyuma hivyo viwili vikikaa pamoja miaka mingi kwenye unyevu hushikana kama vimechomelewa. Fundi anaweka spana, anavuta, anahisi inalegea. Moyo wake unafurahi. Kumbe haijalegea, imejisokota, na kichwa kinabaki ndani ya spana. Kuanzia hapo kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Akichukua drili ya mkono bila kuweka alama katikati, ncha inateleza na kuingia kwenye alumini, iliyo laini zaidi, na tundu linapinda. Alumini ikishaharibika, hapana budi kuipeleka kwenye karakana ya kuchonga vyuma ili tundu litanuliwe na kuwekewa uzi mpya, na huko foleni ni ndefu, na umeme ukikatika mashine ya kuchonga inasimama na wewe unasimama nayo. Njia sahihi ni ya polepole: mafuta ya kulegeza kutu, kupasha bloku moto kiasi, kugonga taratibu, kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, kuiacha ilale hadi kesho. Lakini ni tajiri gani atalipia mashine kulala?

Ukazaji wa boliti una kosa jingine lisiloonekana kwa macho. Hedi ya injini hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda. Nguvu hiyo hupimwa kwa spana maalumu ya kipimo. Gereji nyingi hazina spana hiyo. Zina mkono wa fundi. Mkono mzuri hukaribia sana, nakiri. Lakini mkono wa saa 12 asubuhi si mkono wa saa 2 usiku, baada ya mashine ya sita. Boliti moja ikizidi na nyingine ikipungua, hedi inapinda kidogo, gasketi inapitisha, na kazi inarudi. Jambo linaloniumiza ni kwamba mtu hutoa mamilioni kununua mashine mpya, halafu uzima wa mashine hiyo unategemea kifaa ambacho fundi hajaweza kukinunua.

Kuhusu spea, kila msomaji wa Mwanza anajua habari ya og na feki. Kilicho kipya kwenye mjadala huu, kwangu, si ubora wa kifaa bali nani amekinunua. Desturi yetu ni mteja kununua spea mwenyewe, kwa kuhofia fundi kuongeza cha juu. Anakwenda dukani, anaonyeshwa beringi mbili zenye boksi zinazofanana, anachagua ya bei nafuu. Risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Beringi ikifa baada ya wiki, mwenye duka amejikinga kwa maandishi, na kiwanda bandia hakijulikani kilipo. Anayebaki mlangoni pa lawama ni fundi, ambaye hakuchagua kifaa na hakupata hata shilingi katika mauzo yake. Tume ya Ushindani na TBS zina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, lakini mkaguzi wa kwanza ni fundi mwenyewe. Aipime beringi mpya mkononi pamoja na ile ya zamani, asome namba iliyochongwa kwenye chuma badala ya ile ya kwenye boksi, aizungushe sikioni. Asiporidhika aseme kabla ya kufunga, na aandike kwamba amesema.

Mafuta nayo yana kesi yake. Mashine nyingi za wavuvi wetu ni za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na mchanganyiko huwa mzito zaidi injini ikiwa mpya. Huko mwaloni, alfajiri, kipimo huwa jicho na mfuniko wa chupa. Oili ikipungua, pistoni inanata. Ikizidi, plagi inajaa masizi na mashine inazima ovyo. Tangu 2010 mafuta nchini huwekewa vinasaba ili kuzuia uchakachuaji, na hatua hiyo imesaidia vituoni. Vinasaba havizuii maji yanayoingia kwenye dumu linalosafirishwa kisiwani, wala oili chakavu iliyochujwa na kurudishwa kwenye chupa ya kampuni maarufu. Fundi anayepokea mashine bila kumwaga kwanza mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo na kuyaangalia kwenye mwanga anaanza kutibu mgonjwa bila kumpima.

Mashine ya gari ikizima Buzuruga, unashuka na kupanda bajaji. Ikizima katikati ya ziwa wakati upepo unainuka, ni habari ya roho za watu. Ukanda huu haujasahau Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara na kuua watu 228. Injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache kabla, na si injini iliyokizamisha. Kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake. Nakitaja kwa sababu fundi anaweza kufanya kazi yake sawasawa na maafa yakatokea kwa mkono mwingine. Kumrushia fundi kila lawama ni kuacha makosa ya wengine bila kuyatazama.

Meli kubwa hata hivyo zina jambo la kuigwa: daftari la injini. Saa za kazi, oili iliyobadilishwa, kifaa kilichowekwa na siku yake, vyote vinaandikwa. Mashine ya mvuvi haina hata ukurasa mmoja. Fundi wa tatu hajui fundi wa pili alifanya nini, na mwenye mashine anakumbuka bei tu. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha kabisa.

Mitaani tuna jina la dharau kwa asiyejua kazi, “fundi maiko”, na tunalitumia kwa wepisi mno. Wengi wanaobatizwa jina hilo walijifunza kwa kushika tochi miaka mitano pembeni ya fundi mkubwa, na wanachokosa si akili bali vipimo na cheti. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa, huzibwa mapengo yake kwa mafunzo mafupi, na hupewa cheti. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Kikundi cha mafundi vijana wa mwalo mmoja kinaweza kuombea mkopo huo seti moja ya pamoja: spana ya kipimo, kipimo cha mgandamizo wa silinda, fila geji, mashine ndogo ya kuchonga nyuzi. Ningependa kuona maofisa maendeleo wa Ilemela, Nyamagana, Ukerewe na Buchosa wakiwafuata mafundi huko mwaloni badala ya kusubiri waje ofisini, kwa sababu fundi akifunga gereji siku nzima kufuata fomu, siku hiyo hakuli.

Nawe mwenye chombo, mbalamwezi ijayo peleka mashine siku ya kwanza, si jioni ya mwisho. Mwambie fundi ukweli wote, hata wa msumari. Lipia muda wa uchunguzi kabla ya matengenezo, dai kifaa cha zamani ukione kwa macho yako, na usitoe hela mpaka mashine iwe imewashwa ndani ya pipa la maji na kile kimkondo cha maji ya kupoza injini kinachotoka nyuma kimeruka bila kukatika.