Alikuwa Anaongea Kabla ya Degedege

“Alikuwa anaita mama, anaita bibi, halafu akashikwa na degedege.” Mzazi wa Handeni au Korogwe, mkoani Tanga, anayeeleza kwa nini mwanawe wa miaka 5 hasemi, haitiki akiitwa na anashinda pembeni akizungusha kifuniko cha sufuria, anaweza kuanzia hapo. Msikilizaji wa mjini huwa mwepesi wa kuyatupa maneno hayo kwenye kapu la imani za kale, pamoja na ndege wa usiku na jicho la husuda. Nadhani anakosea. Maneno ya mama huyo yamebeba taarifa ya kitabibu, na hapa hapa Tanzania imewahi kuchunguzwa.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani na Tanzania, akiwemo daktari wa magonjwa ya akili Noah Ndosi, walichapisha uchunguzi wa watoto 20 wa Kitanzania. Kati yao 14 walikidhi vigezo vya usonji (kwa Kiingereza autism). Watatu katika hao 14 walikuwa wamekua vizuri kabisa hadi umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali yenye homa isiyoshuka na degedege. Homa ilipowaachia, usonji ukajitokeza. Wengine wanne pia waliugua karibu na wakati dalili zilipoonekana, lakini watafiti waliona kwamba huenda ukaribu huo ulitokea kwa bahati tu. Saba waliobaki, malaria haikuhusika nao.

Watoto 20 ni wachache mno kusema jambo la nchi nzima. Hata hivyo uchunguzi ule ulifanya kitu ninachokipenda: ulimwamini mama kiasi cha kumuuliza tena. Ilikuwa lini? Kabla ya hapo alikuwa anasema maneno gani? Alikuwa anakuangalia usoni ukimnyonyesha?

Degedege la malaria linaufanya nini ubongo? Kimelea cha malaria aina ya falsiparum kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huifanya chembe hiyo inate. Chembe zinazonata hung'ang'ania kuta za mishipa midogo, damu ikapita kwa shida, sukari ikashuka, ubongo ukavimba. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 walionusurika malaria ya ubongo. Baada ya miaka 2, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kutulia kwenye jambo moja. Kwa watoto wa mitaa hiyo hiyo ambao hawakuugua, alikuwa karibu 1 kati ya 13.

Kila saa inayopotea mtoto akiwa katika hali hiyo ina gharama yake. Miaka ya 1990 watafiti waliokaa na wazazi wa Bagamoyo walikuta degedege likipelekwa kwanza kwa mganga, mtoto akafukizwa kinyesi cha tembo, na sindano ikaogopwa kwa imani kwamba ingemuua. Sioni haja ya kuwacheka wazazi hao. Walimwona mtoto akikakamaa na macho yakigeuka juu, wakatumia walichokuwa nacho.

Katika vita dhidi ya ugonjwa huo, Korogwe inajulikana na wanasayansi wa malaria duniani kote. Kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichopo mjini hapo kilishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Katika vijiji vya bondeni vilivyofuatiliwa wilayani humo, waliokutwa na vimelea walishuka kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi 13.0 mwaka 2008. Idadi kubwa ya watoto wamepona kwa sababu ya kazi ya namna hiyo. Lakini hesabu zetu zina safu ya waliokufa na safu ya walioruhusiwa kurudi nyumbani, basi. Aliyerudi nyumbani akiwa hai na maneno yake yamepotea, tumemwandika kuwa amepona.

Jirani zetu wa Kilifi, Kenya, walijaribu kuwahesabu watoto wenye kasoro za namna hiyo. Mwaka 2001 watoto 10,218 wa miaka 6 hadi 9 walipitishwa katika dodoso la maswali kumi ambalo mzazi hulijibu bila daktari: je, mtoto alichelewa kukaa au kutembea? Anaelewa ukimwagiza kitu? Anasikia? Huwa anaanguka na kukakamaa? Waliotiliwa shaka wakapimwa zaidi. Hesabu ya mwisho ilikuwa takriban watoto 61 katika kila 1,000 wenye kasoro ya wastani au kubwa ya mfumo wa fahamu, na kifafa kikiongoza.

Hata hivyo, usonji mwingi hauletwi na homa. Tangu Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 mwaka 1943, ushahidi umezidi kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya chanzo imo katika urithi, kabla mtoto hajazaliwa. Mama hakukosea kula wala hakuvunja mwiko, na mkwe hakumroga. Chanjo nayo haihusiki: makala ya mwaka 1998 iliyoisingizia chanjo ya surua ilifutwa na jarida lenyewe, The Lancet, mwaka 2010. Kwa mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata manjano kali, chanzo kinaweza kuwa kingine tena, na anaweza kuwa na mtindio wa ubongo badala ya usonji.

Kwa hiyo kabla ya jina lolote mtoto apimwe masikio, kwa kuwa asiyesikia naye haitiki akiitwa. Mzazi aulizwe pia kuhusu kifafa, ambacho huandamana na usonji mara nyingi na kina dawa. Usonji wenyewe hauna kidonge. Una mafunzo, na mwalimu wake wa kwanza ni yule anayempikia uji.

Mafunzo hayo huanza kwa kukaa chini. Mtoto anazungusha kifuniko. Mama achukue kifuniko kingine, akae mkekani mbele yake, azungushe pia. Asimnyang'anye. Mtoto atatupa jicho, na jicho hilo ndilo mlango. Hapo mama aseme neno moja tu, “zunguka”, anyamaze, ahesabu kimoyomoyo hadi tano. Ukimya huo ni mgumu kwetu watu wazima, tumezoea kumjibia mtoto. Wakati wa kula amwonyeshe ndizi na kikombe cha uji: kipi? Akigusa, akinyoosha kidole, hata akitoa mguno, apewe papo hapo, kwa maana ameshasema. Picha ya choo, maji na kitanda zilizochorwa kwa mkaa kwenye kipande cha boksi zinatosha kumsaidia asiye na maneno. Shati amvishe mpaka kifungo cha mwisho, hicho amwachie. Akikiweza, amwachie viwili.

Na anayeziba masikio na kupiga kelele karibu na mashine ya kusaga hana utundu wa kuchapwa. Mlio ule humwingia kwa nguvu tusiyoijua sisi. Aondolewe pale, au aambiwe mapema kwamba tunakwenda na tutarudi.

Shirika la Afya Duniani limekusanya mbinu za aina hii katika mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na mwezeshaji si lazima awe daktari bingwa. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kufundishwa. Hilo ndilo linalonipa matumaini kwa Handeni, kwa sababu shule inayojulikana kwa kuwapokea watoto hawa katika Mkoa wa Tanga, Irente Rainbow ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), iko Lushoto. Mama wa Handeni ashuke Korogwe, afike Mombo, apande mlima, akiwa na mtoto anayeogopa honi na msongamano wa basi. Akimwacha nyumbani amefungwa kamba ili asitumbukie kisimani yeye akiwa shambani, wengi watamlaumu, na wachache watajitolea kukaa na mtoto asubuhi moja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama mwenzake. Mimi ningeongeza jambo dogo wodini: siku mtoto anaporuhusiwa baada ya degedege, karatasi yake iandikwe tarehe ya kurudi miezi 6 mbele. Siku hiyo muuguzi amuulize mama maneno mtoto aliyokuwa akiyasema kabla ya kuugua, ayaandike, kisha amwite mtoto kwa jina lake na kungoja.