Ameanguka, Ameinuka, Anacheza: Bado Umwangalie

Maembe yameanza kuiva. Hapa Kiambi hatuhitaji kalenda kwa jambo hilo: ukiona watoto wanafika masomoni na mashati yenye madoa ya utomvu, ujue miti imekwisha kupandwa. Na sisi walimu tunaanza kungojea mikono iliyovunjika. Mkono uliovunjika hauna shida ya kutambulika: umepinda, mtoto analia, jirani wote wanakimbia. Kichwa si hivyo. Kichwa kinaweza kuumia vibaya na mtoto akaendelea kucheza mpira mpaka jioni.

Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto wa darasa la nne, mwenye akili sana katika hesabu. Jumatatu asubuhi alilaza kichwa juu ya meza. Nikamwamsha, akaamka, akalala tena. Kabla ya mapumziko akatapika. Nilimsindikiza nyumbani, mama yake akaniambia ni malaria: usiku pia alitapika, na dawa amekwisha kumpa. Nikakubali. Nani asingekubali? Kwetu mtoto akiumwa kichwa, akitapika na kusinzia, jina linalotangulia mdomoni ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Niliporudi masomoni, rafiki yake alinifuata nyuma ya darasa akaninong'oneza: "Mwalimu, jana alianguka kwenye mwembe. Alitukataza kusema, baba yake atamchapa."

Nilirudi mbio kwa mama yake. Hospitalini, muuguzi aliposikia neno "alianguka" aliacha mambo ya malaria, akachukua tochi na kumtazama mboni za macho. Mtoto hakufa. Lakini aliporudi darasani baada ya wiki nyingi, hesabu zilikuwa zimempotea, na yeye aliyekuwa mpole alikuwa akikasirika kwa neno dogo tu. Watoto wa namna hiyo tunao masomoni, nao huitwa wavivu au wakaidi. Mara chache sana mtu huuliza kama waliwahi kuanguka.

Si jambo la Kiambi peke yake. Desemba 2008, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa ripoti juu ya ajali za watoto. Walihesabu watoto wapatao 830 000 wanaokufa kila mwaka kwa ajali, yaani zaidi ya 2000 kila siku, na zaidi ya 95 kwa mia yao wako katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Ripoti hiyohiyo inasema kwamba kati ya majeraha yote ya watoto, jeraha la kichwa ndilo linalotokea mara nyingi kuliko mengine, na ndilo linaloweza kuwa baya kuliko yote.

Kwa nini kichwa? Mtazame mtoto mchanga: kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, wakati kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mtoto mdogo akiponyoka mgongoni au akibingirika kitandani, kichwa ndicho kinachotangulia chini. Tena mfupa wake bado ni mwembamba. Ndani, ubongo umefungiwa kama ndani ya sanduku. Mshipa ukipasuka, hasa ule wa upande wa kipaji karibu na sikio, damu haina pa kutokea. Inajikusanya polepole na kuukandamiza ubongo. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzimia kidogo, akaamka, akasema vizuri, akala bukari yake, na baada ya saa chache akaanza kupotea.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba nundu ikitokea ni heri, eti damu "imetoka nje". Nundu haisemi kitu juu ya mambo ya ndani. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, uvimbe laini upande wa kichwa unaweza kuwa alama ya mfupa uliopasuka: huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Mtoto aliyegonga kichwa aangaliwe siku mbili, na zaidi usiku wa kwanza. Kulala si vibaya, mradi umwamshe mara kwa mara, akutambue na akujibu. Lakini usingoje asubuhi kama anatapika tena na tena, kama maumivu ya kichwa yanazidi, kama haamki sawasawa au anasema maneno yasiyoeleweka, kama mwili unakakamaa na kutetemeka, kama mkono au mguu umelegea, kama mboni moja ni kubwa kuliko nyingine, kama damu au maji meupe yanatoka sikioni au puani. Kwa mtoto mchanga, tazama utosi kama umevimba, au kama analia bila kunyamaza na kukataa ziwa. Kama amezimia, msimwage maji usoni, msimtikise, wala msimtilie dawa mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Aspirini hapana, inaongeza kutoka damu.

Miti si hatari peke yake. Tukutuku moja kubeba baba, mama na watoto wawili, hilo tunaliona kila siku ya soko. Kofia ya tukutuku inapunguza majeraha ya kichwa kwa 69 kwa mia na vifo kwa 42 kwa mia, lakini hapa mara nyingi dereva ndiye anayeivaa, au imening'inizwa kwenye usukani kama pambo. Na kuna mikono yetu wenyewe. Makofi ya kichwa, kumgongesha mtoto ukutani, kumtikisa mchanga asiyenyamaza: hayo pia yanapasua mishipa. Sisi walimu tusijitoe hapo. Nami niliwahi kupiga kichwani kwa rula, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha.

Ninarudi kwa yule mtoto wa darasa la nne. Alinyamaza kwa sababu aliogopa fimbo kuliko maumivu, na siku nzima ikapita hivyo. Nyumbani kwangu tumekubaliana: anayeanguka na kusema siku hiyohiyo hachapwi, hata kama mti ulikatazwa, na yule aliyemwona pia anasema. Mtoto akitapika au akiwa na homa, ninauliza kwanza, "Umeanguka? Umegongwa?", kisha ninawauliza wenzake. Nikifika kwenye kituo cha afya neno hilo ninalitaja mwanzo, pamoja na saa aliyoanguka, hata kama muuguzi amekwisha kuchukua kalamu aandike malaria.