Luvungi: Dawa bila pahali pa kulala ni kuchota maji kwa kikapu

Jua likizama nyuma ya milima ya Lemera, wachuuzi wa Luvungi hufunga meza zao pembeni ya barabara ya taifa nambari 5 na kurudi nyumbani. Wako pia wasiorudi popote. Hawa hubaki chini ya mabati ya soko, kwenye baraza za maduka au ndani ya majengo yasiyomalizika. Wengi ni vijana. Mmoja ana chupa ndogo ya kanyanga, mwingine ana bangi iliyokunjwa ndani ya karatasi.

Watu huwaita maibobo, walevi, wengine huwaita wezi. Majina ya kuwaita hayakosekani. Swali lisilo na mwenyewe ni hili: nani atalipa ili watu hawa watibiwe na wapate pahali pa kulala?

Swali hili si dogo kwa Luvungi, kituo cha groupement ya Itara-Luvungi katika chefferie ya Bafuliiru, kama kilometa 60 kaskazini mwa mji wa Uvira. Katika Bonde la Ruzizi, mtu anaweza kupoteza nyumba kwa usiku mmoja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine wakiogelea, na uwanja wa mpira wa Rugombo ukageuka kambi. Desemba 2025 mapigano yalifika Luvungi yenyewe, kisha Uvira, na watu wakakimbia tena.

Anayekimbia mara moja hurudi na kujenga upya. Anayekimbia mara tatu huenda akarudi bila nguvu ya kufyatua tofali hata moja. Hapo ndipo chupa huingia. Kanyanga ni ya bei ndogo na hupatikana karibu. Humfanya mtu asihisi baridi ya usiku, huzima njaa kwa saa chache, na humsahaulisha mtu aliyoyaona njiani. Baada ya miezi mwili unaizoea, na asubuhi isiyo na kanyanga inakuwa asubuhi ya kutetemeka.

Juma moja hospitalini, miezi mingi nje

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Mtu aliyezoea pombe kali kwa muda mrefu anaweza kufa akiiacha ghafla bila msaada wa munganga. Katika siku za kwanza anaweza kupata kifafa, homa, kuchanganyikiwa, hata kuona vitu visivyokuwepo. Kumfungia kijana ndani ya chumba, au kumfunga kamba ili aache kwa lazima, kunaweza kumuua.

Habari njema ni kwamba hatua hii haihitaji mashine za gharama. Dawa mbili muhimu, diazepam ya kutuliza mwili na vitamini B1 ya kulinda ubongo, zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Kwa wagonjwa wengi, siku za hatari huisha ndani ya juma moja hivi.

Tatizo huanza siku ya nane. Tuchukue mfano wa kijana ambaye ametibiwa, ametulia na anakula vizuri. Anatoka hospitalini jioni. Atalala wapi? Hana chumba, anarudi chini ya mabati yale yale, kwa marafiki wale wale, na baridi ni ile ile. Usiku wa kwanza anakataa chupa. Usiku wa tatu anaipokea. Pesa yote iliyotumika hospitalini imepotea, na majirani wanasema kwamba mlevi hatibiki. Kumbe ametibiwa juma moja tu, na kazi ya miezi iliyobaki haikupata wa kuilipia.

Huo ndio moyo wa jambo lenyewe. Bajeti ya dawa peke yake, bila bajeti ya chumba, ni kuchota maji kwa kikapu. Na chumba bila matibabu kinaweza kugeuka pahali pa kunywea.

Hata juma hilo la kwanza si rahisi kulipata. Vituo vinavyojulikana kwa magonjwa ya akili na ulevi viko mbali na Luvungi. Upande mmoja kuna SOSAME ya Bukavu, upande mwingine kituo cha Kamenge mjini Bujumbura, vyote viwili vikiwa kazi ya Mafrère wa Charité. Kwa familia ya mkulima wa mpunga au wa mihogo, kufika huko maana yake ni nauli, vizuizi vya barabarani, au mpaka wa nchi. Kisha kuna gharama ya kumlisha mgonjwa na anayemlinda.

Wengine wamefanya nini?

Majirani zetu Watanzania walianza na tatizo la heroini. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini na kumwezesha mtu kuishi bila kutafuta sindano. Wafadhili wakubwa walikuwa Wamarekani. Mgonjwa alitakiwa kufika kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu wa afya. Hapo nyumba inahusika moja kwa moja, kwa sababu asiye na pahali pa kukaa ni vigumu kufika kila siku bila kukosa.

Zanzibar ilitumia pia njia nyingine, nyumba za nafuu ambazo wengi huziita soba hausi. Walioacha dawa za kulevya huishi pamoja kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa wenzao waliopita njia hiyo hiyo. Tukumbuke kwamba methadoni haitibu kanyanga wala bangi. Lakini wazo la nyumba ya pamoja, yenye kanuni na yenye wenzako wanaokuelewa, halitegemei aina ya ulevi.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Canada kati ya 2009 na 2013, katika miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montréal na Moncton. Serikali ilitoa dola milioni 110 za Canada. Zaidi ya watu 2.000 wasio na makao na wenye magonjwa ya akili walishiriki, na wengi wao walikuwa pia na tatizo la pombe au dawa za kulevya. Sehemu yao walipewa nyumba kwanza, bila sharti la kuacha kunywa, pamoja na timu ya kuwafuatilia. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa wamekaa ndani yake muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya wengine. Kwa wale waliokuwa wakiigharimu serikali zaidi katika hospitali na magereza, kila dola 10 zilizotumika ziliokoa zaidi ya dola 21.

Lakini jaribio hilo lilionyesha pia kwamba nyumba peke yake haikupunguza ulevi kuliko huduma za kawaida. Nyumba ilimfanya mtu abaki pahali pamoja. Ulevi ulihitaji matibabu yake. Vyote viwili vinatakiwa, na kwa wakati mmoja.

Pesa itoke wapi?

Luvungi si Montréal. Ni kweli. Hata hivyo sheria yetu haikunyamaza. Katiba ya 2006 inasema katika kifungu cha 42 kwamba serikali ina wajibu wa kulinda vijana dhidi ya kila kinachoharibu afya yao. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya, na cha 48 haki ya makao yanayofaa. Kwa watoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inadai ulinzi wa pekee kwa yule anayeishi barabarani. Kifungu cha 175 cha Katiba kinapanga asilimia 40 ya mapato ya taifa iende kwenye majimbo. Kama haki imeandikwa, lazima pia ionekane kwenye mstari wa bajeti.

Kwa miaka mingi tumezoea kungoja mashirika ya kiutu. Mwaka 2024, kama asilimia 70 ya pesa za msaada wa kiutu nchini RDC zilitoka Marekani. Mwanzoni mwa 2025 Washington ilisimamisha misaada yake, na kazi nyingi zilikwama ndani ya majuma machache. Hata kabla ya hapo, msaada wa dharura ulikuja na hema, unga na sabuni. Hema ni la lazima kwa mhami wa vita, lakini halimfuati kijana aliyezama katika kanyanga.

Kuna milango mitatu ambayo viongozi wanaweza kuigonga. Wa kwanza ni kodi ya pombe za viwandani, inayokusanywa na DGDA. Sehemu yake ndogo ikipewa matibabu ya ulevi, anayeuza ugonjwa atachangia dawa. Wa pili ni wauguzi tulionao tayari. Tangu 2008 OMS ina mpango uitwao mhGAP, unaofundisha wauguzi wa kawaida kutambua na kutibu magonjwa ya akili na ulevi katika vituo vya afya. Juma la kwanza la matibabu linaweza basi kufanyika karibu zaidi na nyumbani, na wagonjwa wazito tu wakapelekwa Bukavu au Bujumbura.

Mlango wa tatu ni wa chefferie, makanisa, misikiti na shirika la raia. Udongo wa kufyatulia tofali upo, na mafundi wapo. Vyumba vichache karibu na kituo cha afya, mlezi mmoja anayelipwa kila mwezi, na kipande cha shamba la mpunga kwa wanaoishi humo: huo ni mwanzo. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayetoka kwenye pombe naye anahitaji jembe lake, la sivyo siku ni ndefu mno.

Wanaosema gharama hii ni kubwa wahesabu pia gharama ya kutofanya chochote. Katika bonde hili, kijana asiye na kitanda hakosi wa kumwita. Wanaoandikisha wapiganaji hawamwulizi kama anakunywa. Wanampa chakula, wenzake na pahali pa kulala, yaani vile vile ambavyo sisi tumeshindwa kumpa.

Kesho jioni meza za Luvungi zitafungwa tena, na baadhi ya vijana watabaki chini ya mabati. Bajeti ya mwaka ujao itakaposomwa, wakaaji wana haki ya kuuliza swali moja: mstari wao uko wapi?